Mgonjwa wa Nusu Kilo

Simbilisi wetu aliacha kula siku ya Jumatatu, mwanzoni mwa likizo ya Juni, na mume wangu alikuwa ameondoka Jumapili na lori kwenda kununua alizeti vijijini. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu na mgonjwa ambaye nusu ya mji wa Singida haikujua hata jina la aina yake.

Niliachiwa mnyama huyo baada ya Pasaka na mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa kwao Iringa. Huko simbilisi ni mnyama wa kawaida, wanamfuga jikoni. Kwetu alikuwa kioja. Majirani walimtazama, mnene, hana mkia, ana mabaka meupe na ya kahawia, wakamwita “panya wa mwalimu”. Mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza. Akisikia nakata mchicha alipiga mbinja nyumba nzima ikasikia, na ukichelewa alipiga tena, kama kondakta anayewahi abiria.

Kosa lilikuwa letu. Miaka ile ya ruksa, biashara binafsi ziliporuhusiwa, mashine za watu binafsi za kukamua alizeti ndiyo kwanza zilikuwa zinachipuka pale mjini. Mume wangu alikuwa ameacha kazi ya ushirika, akawa anamnunulia mbegu mfanyabiashara mmoja, na kila safari alirudi na gunia la mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka, tuwape kuku. Usiku wa Jumapili simbilisi alitoka kwenye boksi lake, akatoboa gunia, akala mashudu mpaka basi. Asubuhi nilimkuta amejikunja pembeni, manyoya yamesimama, tumbo gumu kama ngoma. Hakupiga mbinja. Nilimwekea mchicha puani akageuza uso.

Jumanne asubuhi nilimbeba kwenye kikapu hadi kwa bwana mifugo. Alifunua kitambaa, akakifunika, akakifunua tena.

“Mwalimu,” akasema, “mimi nimesomea ng’ombe, mbuzi, kondoo na punda. Huyu hakuwepo kwenye mtihani.”

Lakini alikuwa mtu mwema. Alimbonyeza tumbo taratibu, akaniambia wanyama wa namna hii, kama sungura, tumbo likisimama siku mbili wanakufa, hivyo lazima chakula kiendelee kupita hata kwa nguvu. Nitafute bomba la sindano la plastiki, niondoe sindano, nimlishe uji mwepesi pembeni mwa mdomo, nyuma ya yale meno ya mbele, kidogo kidogo. “Usimmiminie kooni. Uji ukiingia kwenye mapafu, umemuua kwa mkono wako.”

Zamani ningelipata wapi bomba la sindano? Hospitalini yalikuwa ya kioo, yanachemshwa, yanahesabiwa. Lakini mwaka ule lilikuwa limefunguliwa duka la dawa la mtu binafsi karibu na soko, na kila kitu kilining’inia ukutani. Niliweka kikapu nyumbani, nikaenda mbio. Nyuma yangu kwenye kaunta alisimama mama muuza kuku wa Ilongero, niliyemfahamu kwa sura kwa sababu ni kijiji cha kwao mume wangu.

“Naomba bomba la sindano la mtoto,” nikamwambia muuzaji, “bila sindano yake. La kulishia.”

“Mtoto ana umri gani?”

“Miezi saba.”

“Kilo ngapi?”

“Nusu. Nusu na kidogo.”

Muuzaji aliweka kalamu chini. “Nusu kilo? Miezi saba?”

“Alikuwa mzito zaidi, ila tangu jana hali kitu. Hata choo hapati.”

“Na sasa hivi yuko wapi?”

“Nimemwacha kwenye boksi.”

Nyuma yangu nilisikia mtu anavuta pumzi. Nilipogeuka, yule mama alikuwa ameshatoka mlangoni, kuku wake wanapiga kelele kichwa chini. Nikadhani amekumbuka basi lake. Nikamweleza muuzaji kuwa ni mnyama, akacheka mpaka akalaza kichwa kwenye kaunta, akaniuzia mabomba mawili. Mama wa kuku sikumfikiria tena.

Jirani yangu, tuliyepanga naye nyumba moja, alikuwa muuguzi. Alikuja kunisaidia akiwa tayari amevaa sare nyeupe ya kazini, jambo alilolijutia. Tulimfunga simbilisi ndani ya khanga akabaki kichwa tu. Mimi nikashika, yeye akasukuma bomba. Simbilisi aliusubiri uji ujae mdomoni, akatikisa kichwa mara moja, na sare yote ikawa na madoa.

“Nimewalisha wazee wa wodi nzima,” jirani akasema, anajifuta nyusi, “hakuna aliyewahi kunifanyia hivi.”

Tukajifunza. Tone moja, tunasubiri atafune, tone lingine. Kila baada ya saa mbili. Mpaka jioni mimi, jirani na ukuta tulikuwa tumekula uji mwingi kuliko mgonjwa, na tulikuwa tunacheka kwa ile hali ya watu wanaoogopa kunyamaza. Maana alikuwa bado hajapata choo.

Jumatano saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa mkekani barazani, mgonjwa mapajani ndani ya khanga, nikamwona mama mkwe anaingia uani. Alikuwa anatembea kwa kasi ambayo sijaiona kwake kabla wala baadaye. Nyuma yake alikuja mdogo wake, amejitwika kapu, na jogoo kwapani.

“Shikamoo, mama,” nikasema.

Hakuitikia. Mama mkwe wangu, ambaye shikamoo angeiitikia hata akiwa usingizini, alinipita macho akatazama khanga.

“Miezi saba!” akasema. “Miezi saba umenificha!”

“Mama, nimekuficha nini?”

“Nilikuja hapa Pasaka! Ukanipikia wali, ukanipa maji ya kuoga, hukusema neno! Nisikie kwa muuza kuku kwamba mjukuu wangu ana nusu kilo na analala kwenye boksi!”

Nilifungua mdomo, lakini mikono yake, mikono ya mwanamke aliyelea watoto wanane, ilikuwa imeshauchukua ule mzigo. Aliupakata kifuani. Akafunua khanga polepole, uso wake umelainika kabisa.

Simbilisi, na uji kidevuni, akamtazama, akaonyesha meno yake mawili.

Mdogo wa mama mkwe aliinama, akachungulia.

“Dada,” akanong’ona, “mtoto ana masharubu.”

Mama mkwe alitamka neno la Kinyaturu ambalo mimi, binti wa Iramba, sikulijua, na sikuuliza. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka akaketi sakafuni miguu imenyooka mbele, simbilisi bado kifuani. Mdogo wake akacheka mpaka jogoo akaponyoka. Nami nikajikuta nacheka na kueleza kwa pamoja, mashudu, duka la dawa, bomba, mpaka maelezo yakapotea na kikabaki kicheko. Alipopata pumzi alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

“Marahaba, mwanangu,” akasema.

Kapu lilikuwa na unga wa uwele wa uji wa mzazi, chupa ya samli, kibuyu cha mlenda mkavu, ile mboga ya kuteleza, na kitenge kipya kilichokunjwa vizuri. Nilikiona kile kitenge nikaona aibu. Tulikuwa mwaka wa pili wa ndoa, na Ilongero watu walikuwa wameanza kuuliza. Mama mkwe aliona ninakotazama.

“Usiniangalie hivyo,” akasema. “Kwenye basi, mawazoni mwangu, nilishambeba mgongoni, ni kweli. Lakini mtoto atakuja akipenda mwenyewe. Aliyekuja leo ni huyu. Haya, anaumwa nini?”

Nilimwambia tumbo limesimama. Akalishika, akaligonga kwa kidole, akasikiliza kama anayechagua tikiti maji.

“Na ninyi mnampa uji?”

“Bwana mifugo ndiye aliyesema.”

“Bwana mifugo ni mtu wa wapi?”

“Sijui, mama. Wa Kilimanjaro nadhani.”

“Ndiyo maana,” akasema, na akaenda jikoni. “Kitu kilichokwama kinataka mlenda.”

Kwetu Singida mlenda hauhitaji kuelezwa: ukiwepo, hakuna ugali unaokwama kooni. Aliupika mwembamba, bila chumvi, akauacha upoe, akauvuta ndani ya bomba. Ulivutika vizuri, tatizo lilikuwa kutoka, kwa sababu mlenda haukatiki. Ulianza kwenye bomba, ukapita mdomoni mwa simbilisi, ukaendelea kwenye kidole cha mama mkwe hadi kwenye goti lake, uzi mmoja unaong’aa. Jirani aliyetoka kazini alitukuta wanawake watatu tumeunganishwa kwa mlenda, na hakuuliza, akaenda kubadilisha sare kwanza.

Lakini safari hii mgonjwa alimeza. Hakuwa na namna; mlenda unajimeza wenyewe.

Siku mbili mama mkwe aliutawala ugonjwa ule. Alimpaka samli tumboni, akamkanda kwa kidole gumba, kutoka juu kwenda chini, kama alivyozoea kufanya kwa wanakondoo waliovimbiwa. Baina ya chakula na chakula alimfunga mgongoni kwa kile kitenge kipya, akafagia uwanja. Wanawake waliopita njiani walisimama.

“Mama, umepata mjukuu?”

“Nimepata,” akajibu, bila kuacha kufagia. “Amefanana na baba yake.”

Ijumaa, jua lilipoanza kupasha joto baraza, mdogo wake alikuwa anasafisha boksi. Akaganda na ufagio mkononi.

“Dada,” akaita. “Dada! Njoo!”

Vilikuwa vitatu, vidogo kama mbegu za alizeti. Kikaanguka cha nne mbele ya macho yetu. Sijawahi kufurahia mavi ya kiumbe yeyote kama siku ile, na baadaye nililea watoto. Mama mdogo alipiga kigelegele. Mama mkwe akapokea. Mimi nikaruka ruka na bomba mkononi, jirani akatoka chumbani kwake na mswaki mdomoni akaruka nasi kabla ya kujua sababu. Mwenye nyumba, mzee mpole sana wa Kiislamu, alikuja upesi akirekebisha kofia yake.

“Hongereni, hongereni! Wa kike au wa kiume?”

“Choo, baba!” nikapiga kelele. “Amepata choo!”

Mzee alitutazama mmoja mmoja. “Alhamdulillahi,” akasema kwa heshima, akarudi kwake.

Jumamosi mchana lori lilisimama nje kwa breki iliyoamsha mbwa wote. Mume wangu aliingia akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Amemshika kondoo kwa kamba. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake aliyekuwa na kitu mgongoni, akaegemea nguzo.

“Mke wangu,” akasema, “nimeondoka siku sita.”

Kumbe habari ya muuza kuku ilikuwa imepanda magari na baiskeli. Kijiji cha kwanza walimpa hongera. Cha pili wakampa hongera na pole. Cha tatu mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake alimkabidhi kondoo wa uzazi, na yeye, kwa kuchanganyikiwa, akapokea.

“Nilihesabu kwa vidole njia nzima,” akasema. “Miezi saba! Nilisema labda mimi ndiye sikutazama vizuri.”

Mama mkwe aligeuka tu, akamwonyesha mgongo wake, na kichwa chenye mabaka kikatokeza kwenye kitenge kikitafuna mchicha.

Safari iliyofuata mume wangu alimpeleka kondoo kumrudisha, akasema ukweli. Yule mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mgonjwa amepona, kisha akakataa kumpokea kondoo mpaka kwanza amwone huyo mnyama kwa macho yake. Basi wiki ya mwisho ya likizo nilipanda mbele ya lori, boksi mapajani na mabomba ndani yake, tukaenda kumwonyesha. Watu walitoka majumbani wakapanga mstari. Mzee alimshika simbilisi kwa mikono miwili, akamgeuza, akatafuta mkia, hakuupata, akamgeuza tena. Alisema anataka kujaribu mwenyewe hiyo kazi ya bomba. Nilimwambia amepona, anakula bila bomba. Akasema hapana, amesubiri wiki mbili. Basi wakaleta mlenda.