Lori Lililoshusha Mawe

Siku ile naikumbuka hata nikiwa sitaki, mwanangu. Nikisikia treni ikipita naikumbuka zaidi. Keti kidogo. Najua kesho tajiri anakukabidhi lori lake, na najua wewe ukiambiwa keti unaangalia simu. Iweke chini. Mambo haya sijawahi kukusimulia yote, na sina hakika kama yatakusaidia.

Baba yako alikuwa dereva wa lori la mawe hapa Kawangware, na hakuwa dereva wa ovyo. Wanaosema alikuwa mzembe wanamsingizia. Alikuwa na mti wake, mkaratusi mrefu aliofunga ubavuni mwa lori, ameukata sawasawa na kimo cha lile daraja la reli tunalopita chini yake tukienda Kibera. Kibao cha kuonyesha kimo kilikuwepo zamani, kikang'olewa kikauzwa kwa wale wa vyuma vikuukuu. Barabara nayo ikawa inamwagiwa lami juu ya lami, daraja likazidi kuwa fupi bila mtu kuligusa. Kwa hiyo yeye aliamini mti wake tu. Akipakia kitu kirefu, anausimamisha kando ya mzigo. Mzigo ukiupita mti, anazunguka njia ndefu, tajiri apige kelele anavyotaka.

Mjomba wako Wafula, ndugu yangu, ndiye alikuwa mpakizi wake. Mimi ndiye niliyemtoa nyumbani Bungoma. Nilimwambia mama aniachie huyu, nitamtunza. Alilala kwetu hapa mtaani Kongo, Kawangware, nyuma ya pazia, na alikuwa mtu wa mzaha sana. Mawe mazito aliyaita kwa majina ya mashangazi zetu.

Siku hiyo walibeba mawe ya msingi na tangi la chuma la maji, vyote vya kanisa letu kule Lindi, ndani ya Kibera. Tangi lilisimamishwa nyuma ya kichwa cha lori, mawe yakajaza nafasi iliyobaki mpaka springi zikalala. Nilipanda mbele kwa sababu nilikuwa naenda kuona kina mama wa kanisa, na mimba yako ilikuwa imeanza kuonekana. Baba yako alipima. Wafula alishika mti, akaweka kiganja kati ya kichwa cha tangi na ncha ya mti, akatuonyesha nafasi iliyobaki. Ilitosha. Tulipita chini ya daraja polepole, hata rangi haikukwaruzwa.

Lindi mawe yakashushwa, lakini tangi likaleta maneno. Wazee wa kanisa hawakuwa wamekubaliana liwekwe wapi. Huyu anataka upande wa choo, yule anasema litaziba dirisha la mchungaji, na wote ni watu wazima wenye ndevu. Mwishowe wakasema lirudi Kawangware mpaka waelewane. Nilikasirika, jua lilikuwa kali na sote tulikuwa na njaa. Basi tukarudi na lori tupu, ila lile tangi tu, na Wafula amesimama nyuma yake akilishikilia kwa kamba.

Tulipokaribia daraja nilimwuliza baba yako kama hapimi. Sikuwa nimejua chochote, niliuliza kwa mazoea tu.

"Si tumepita hapa asubuhi?" akasema.

Na kweli tulikuwa tumepita. Tangi lilelile, daraja lilelile, ningebishana naye vipi? Lakini lori likishusha mawe, springi zinanyanyuka, na kila kilicho juu kinanyanyuka nazo. Ile nafasi ya kiganja cha Wafula haikuwepo tena.

Tangi liligonga chuma cha daraja, kamba zikakatika, likaanguka kinyumenyume. Nilimsikia baba yako akiita jina la ndugu yangu, akaita tena, na Wafula hakuitika. Watu wasiotujua waliliinua tangi kwa mikono. Mmoja alivua shati lake akamfunika.

Tulimpeleka nyumbani Bungoma. Mama alimkataza baba yako kuingia bomani. Wakati Wafula anazikwa, baba yako alisimama nje ya ua, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea. Nilishindwa kwenda kusimama naye, nikashindwa pia kukaa kando ya mama. Nilibaki katikati ya uwanja, sina kwetu wala sina kwangu.

Hakushika usukani tena mpaka alipokufa. Alikuwa akiketi hapo mlangoni, ukimwuliza anawaza nini, anakujibu, "Springi." Alijua, mwanangu. Kila dereva anajua lori tupu linakaa juu. Alijua, na siku ile moja hakukumbuka. Hilo ndilo linaloniua, kwa maana sasa sijui nikufundishe nini ambacho yeye hakukijua.

Nimeenda maofisini kuomba kibao kirudishwe, nikaambiwa nije wiki nyingine, nikaenda mpaka nikachoka. Malori yanagonga pale, watu wanapiga picha, kesho yanapita mengine. Palipokuwa na kibao sasa kuna matangazo ya waganga.

Jana ulikuja na habari ya kazi unacheka, nikakuuliza kuhusu lile daraja. Ulinijibu, "Mathe, tulia. Hiyo njia si napita kila siku?" Niliingia jikoni nikaegemea ukuta. Jina nilikupa la mjomba wako, na sasa nasikia maneno ya baba yako yakitoka kinywani mwako.

Basi sikia, hata kama utasahau. Pima ukipakia, na ukishusha hata nusu ya mzigo, pima tena. Kupita asubuhi si kipimo. Usimweke mtu nyuma ashikilie mzigo, mzigo ufungwe ama ubaki. Ukifika pale simama, shuka, angalia kwa macho yako. Wanaokupigia honi hawatakuja mazishini. Na ule mti wa baba yako, ambao wapangaji wanaanikia nguo hapo nje, usiuchukue. Niliupeleka darajani leo asubuhi, watu wa pale wakanicheka, mwanamke mzee na mti wake. Hausimami tena pale chini, lami imepanda. Kata wako.

Sasa nenda ulale, Wafula. Mungu hakumshika mjomba wako, na sijawahi kujua kwa nini. Wewe akushike. Akurudishe mlangoni hapa kesho jioni, umechafuka, una njaa, unanigombeza kwa nini chakula hakijaiva.