Duara la Damu ya Mwalimu

Mwalimu wangu wa darasa la kwanza aliteremshwa kutoka garimoshi la Tura akiwa kwenye machela. Alikuwa amejikata mguu kwa shoka katika shamba la ujamaa, kidonda kikaoza, na vijidudu vikaingia kwenye damu. Mimi wakati huo nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali moja ya Tabora, kijana wa koti jeupe mwenye majivuno ya kuwatosha watu wawili.

Dawa iliyoweza kumwokoa ilikuwa sindano kali. Ikipungua, vijidudu vinashinda. Ikizidi, inaua masikio. Kwa hiyo daktari aliniagiza nipime ni kiasi gani cha dawa kimo kwenye damu yake. Nilipaka vijidudu vya maabara kwenye kisahani chenye rojo la kuvioteshea, nikaweka katikati kikaratasi kilicholoweshwa maji ya damu ya mwalimu, na kesho yake nikapima kwa rula duara ambalo vijidudu vimekufa. Duara pana, dawa nyingi. Kazi ya kitoto, nilijidai.

Fomu ilikuwa na swali: mgonjwa anatumia dawa nyingine? Niliandika "hakuna" bila kuuliza. Nani angemkabili mwalimu aliyemshika mkono kumfundisha kuandika, amuulize kama anakula dawa kwa kificho? Kwetu huko ni kumvunjia heshima mkubwa, nami nililelewa nikaleleka. Basi adabu yangu ndiyo iliyojaza fomu.

Duara lilitoka pana ajabu. Daktari akapunguza sindano kwa nusu. Siku ya tatu homa ikapanda, mwalimu akaanza kuweweseka, akiita mahudhurio ya darasa lisilokuwapo.

Mchana huo mkewe alinisimamisha barazani, kikombe cha uji mkononi.

"Mwanangu, zile rangi mbili zimeniishia. Huwezi kunipatia nyingine?"

"Rangi mbili zipi, mama?"

"Vidonge vya sokoni. Namtilia kwenye uji tangu tulipofika. Ila usimwambie daktari, baba. Atanifukuza, na mzee nitamwachia nani?"

Vidonge vile navyo vilikuwa vinaua vijidudu vya kwenye kisahani changu, ingawa si vile sugu vya mwalimu, na duara halichagui dawa. Nikisema, mama anafukuzwa na mimi kazi sina. Nikinyamaza, mwalimu anakufa. Nilijifungia maabara nikaosha visahani vilivyokwisha kuoshwa. Nasema wazi: siku ile niliiogopea kazi yangu kuliko roho ya mwalimu.

Nilimwambia daktari kesho yake asubuhi. Hakunitukana, wala hakumfukuza mama. Aliongeza sindano, tena kwa wiki nyingi kuliko alivyokusudia, maana ugonjwa ulishapata nafasi. Mwalimu akapona, masikio yakafa.

Mwaka uliofuata nilikutana naye sokoni. Alinishika mkono, akapaza sauti kama mtu asiyejisikia mwenyewe.

"Jamani, huyu ndiye aliyenipima damu! Bila yeye nisingekuwapo!"

Watu wakanitazama kwa heshima. Kisha akanipa daftari na penseli, kwani aliyetaka kumwambia neno ilimbidi aandike. Akasubiri, anatabasamu. Nilijua hasa neno ninalodaiwa. Mkono ulikataa, ukaandika: Shikamoo, mwalimu.

"Marahaba!" alinguruma, akanipigapiga begani.