Simu ya Upepo Iliyonyamaza Kila Asubuhi

Mwanangu, jana nimekusikia ukiitukana printa yako. Inachapa karatasi mbili, halafu inapotea hewani. Umeizima ukaiwasha, umeipiga kofi, mwisho ukatoka kwenda kumfokea binti wa jirani mlangoni kwao kwamba anakunyonyea intaneti. Sikuingilia. Nilikaa nikakumbuka asubuhi moja kule Songambele, nikaona aibu upya, maana kelele zile zilikuwa zangu kabla hujazaliwa.

Miaka ile dada yangu Paskazia alikuwa nesi wa zahanati ya kijiji, na simu ya upepo ilikaa nyumbani kwake. Simu nyingine haikuwapo. Saa tatu asubuhi, na tena saa tisa alasiri, hospitali walikuwa wanafungua mashine yao na kutusikiliza. Ukiwapata saa hiyo, gari linakuja kuchukua mgonjwa. Ukiwakosa, unangoja zamu nyingine.

Mimi ndiye niliyeifunga ile simu. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kufungua redio za watu na kuzirudishia, mara nyingine skrubu mbili zinabaki mkononi. Waya wa kunasa mawimbi niliuvuta kutoka paa la dada hadi kwenye mkaratusi, ukapita juu ya kibanja cha jirani, Mzee Bagenda. Mzee akasimama katikati ya migomba yake akaangalia juu.

"Kijana, pandisha zaidi. Huu mgomba hapa chini bado mtoto."

"Mzee, wewe jua ndizi," nikamjibu. "Mimi najua redio."

Alirudi kwenye palizi yake.

Miezi ikapita, simu ikaanza kunyamaza. Asubuhi inakoroma tu, alasiri inaongea vizuri kama si yenyewe. Nikaifungua, nikachomea upya kila waya, nikabadili betri, nikasugua vichwa vyake kwa msasa. Wapi. Watu wakaanza kusema Paskazia hajui kazi, na mimi dada yangu ukimgusa umenigusa. Nikatafuta wa kumlaumu, nikampata. Nikasimama kisimani mbele ya watu nikasema Mzee Bagenda anachezea waya wetu asubuhi tukiwa shambani. Ushahidi sikuwa nao. Mdomo nilikuwa nao.

Basi asubuhi ninayokuambia, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Yozefina, mke wa kibarua mmoja aliyetoka Burundi, akaletwa kwa machela. Uchungu ulianza jana yake na mtoto hashuki. Dada akampima, akaja kwangu, akasema polepole ili mgonjwa asisikie: "Huyu ni wa kupasuliwa. Saa tisa hatafika."

Saa tatu ikatimia. Nikabonyeza, nikaita. Mkoromo. Nikaita tena. Mkoromo. Nikachukua bisibisi, nikaanza kufungua kifuniko.

Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Bagenda. Yeye ndiye aliyebeba upande mmoja wa machela, bega bado limelowa.

"Ndani umeangalia mwezi mzima," akasema. "Nje umeangalia lini?"

"Mzee, niache."

"Mimi si najua ndizi? Njoo uone ndizi."

Nilitoka kwa hasira, nimwoneshe kwamba hakuna kitu. Mwanangu, ule mgomba mtoto ulikuwa umepita paa. Majani yake, yamelowa chapachapa, yalikuwa yameukumbatia waya wangu mtupu. Kumbe kila umande ukishuka simu inakufa, na jua likikausha majani inafufuka. Na mimi huku nachomea nyaya za ndani.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ya kwanza."

Mgomba ulikuwa na mkungu, mchanga bado, mzee ameuegemeza kwa mti wenye panda. Kijiji kizima kilijua mkungu ule ni wa kupeleka ukweni, mwanawe anaoa. Nikasema tukate majani tu.

"Ngazi iko wapi? Saa inakwenda." Akang'oa ule mti wa kuegemezea, akausukuma mgomba upande wa mbali na waya, akapiga panga mara mbili.

Nilirudi ndani mbio, nikaita. Sauti ikaja safi kabisa: "Songambele, tunakupata. Endelea." Dada akaninyang'anya kipaza sauti akaeleza mwenyewe, na gari likaja. Saa tisa tulipofungua tena, wakatuambia mama mzima, mtoto wa kike mzima. Dada akakaa sakafuni akacheka peke yake. Mimi nikatoka nje nikalia kwa ile nafuu.

Nikaenda kwa mzee. Alikuwa anawakatia ng'ombe lile shina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemaliza kulia?"

"Nimekukosea. Yale ya kisimani hayakuwa kweli."

"Mimi najua hayakuwa kweli. Nenda kawaambie wa kisimani."

Nikaenda. Watu walewale, ndoo zilezile. Sijawahi kusema maneno machache yaliyonitoa jasho vile, na sijawahi kurudi nyumbani mwepesi vile.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kitu kilichokuwa kinafanya kazi kikianza kukukatikia, kabla hujagusa skrubu, zunguka uone nini kimebadilika pembeni yake. Mtu akikuambia jambo la kazi yake, sikiliza, hata kama kazi yako unaiona kubwa. Usitaje jina la mtu kwa sababu tu umekasirika. Na ukishamchafua, msafishie palepale ulipomchafulia.

Kile kidude chako cha intaneti ulikisukuma nyuma ya kabati la chuma wiki iliyopita, ulipopanga upya chumba. Nimekitoa asubuhi hii ukiwa umelala, nikakiweka juu ya kabati. Printa imechapa kurasa kumi na mbili, haijapotea. Sasa vaa viatu uende mlangoni kwa yule binti.

Mungu akutulizie mikono na mdomo, mwanangu, na akujalie jirani atakayekuja kukubebea mgonjwa hata kama jana ulimtukana.