Mbao Mbichi za Nyumbani

Rafiki yangu wa Kaloleni ya Kisumu, yule mfanyabiashara wa mbao niliyewahi kuwatajia hapa, amefariki. Tulimzika Jumamosi kwao, mbele kidogo ya Katito. Madaktari wamesema ni presha. Mimi nasema ni presha pamoja na sisi.

Aliwahi kunipeleka kwenye kisiwa kimoja ziwani, kidogo, mabati matupu na mitumbwi, bila hata mti wa kukatia fimbo. Kila ubao huko hutoka ng'ambo: ama kwetu Kenya, ama Uganda. Alitaka nione kwa nini wateja wanatuhama. Mama mmoja muuza samaki alikuwa na vibanda viwili. Kile cha mbao za Uganda kilikuwa kimebana vizuri. Chetu kilikuwa na nyufa za kupitisha kidole, kwa maana mbao ziligongwa zikiwa mbichi, zikakaukia ukutani.

"Jaduong', mzee wangu, kwa hii yenu nalala nikiona jirani anakula nini," mama alimwambia. "Mimi ni Mkenya kabisa. Lakini mvua haiulizangi kitambulisho."

Rafiki yangu hakucheka. Aliporudi Kisumu aliwaambia wenzake wa biashara, nikiwepo: tukaushe mbao kwanza, la sivyo kisiwa kimeenda. Mwenyekiti wao akamjibu, "Bwana, kumbe siku hizi unapigia Uganda debe?" Wakaangua kicheko, na kicheko kile nakichukia mpaka leo. Baadaye walimtoa kwenye kamati na kumwita msaliti. Yeye akaendelea kukausha zake, akiuza kidogo, akizeeka haraka. Ndivyo tulivyo: anayetuonyesha ubovu wa kazi yetu tunamgeuza adui wa taifa, kisha tunarudi kwenye ubovu wetu tukiwa na amani.

Basi siku ya mazishi walewale wa kamati wakaleta jeneza, limepakwa vanishi likang'aa. Watu wa kisiwani nao walikuwa wamevuka ziwa na jeneza walilolitengeneza wenyewe kwa mbao za Uganda. Mwenyekiti akalikataa, eti mwenzao hazikwi katika mbao za wageni. Likawekwa nyuma ya nyumba. Kisha akashika maikrofoni, akatuhutubia juu ya uzalendo, eti mcheza kwao hutunzwa. Sisi tulikuwa chini ya hema. Jeneza lao, marehemu akiwa ndani, lilikuwa juani. Hotuba zilikuwa nyingi, na kabla hazijaisha kifuniko kilijikunja, misumari ikaachia pembeni, tukaona bega la suti ya marehemu.

"Hiyo mbao ni mbichi," mjane alisema.

"Mama, hiyo ni kitu kidogo tu," mwenyekiti alisema, maikrofoni bado mkononi. "Tutaongeza misumari."

"Hapana. Amewaambia mpaka amekufa. Leteni ile ya kisiwa."

Jeneza likatolewa nyuma ya nyumba. Walimhamishia ndani ya nyumba, akatolewa akiwa ndani ya jeneza la kisiwani, lisilo na ufa hata mmoja, na watu wa kisiwani ndio waliombeba. Lile letu lilibaki uani. Mwenyekiti hakutaka kulirudisha Kisumu, na tulipoondoka lilikuwa bado linajikunja.

Kizuri chajiuza, na kibaya chetu tumekivika bendera. Usimdai mtu akupende kwa kuwa mmetoka nchi moja, ikiwa wewe mwenyewe humpendi kiasi cha kungoja ubao ukauke.