Majina Yaliyokuwa Ndani ya Kifuniko

Fundi saa huyu mtaa mzima ulimwita Polepole, na hawakumsingizia. Ukimpelekea saa Jumatatu, usiende kumwuliza Jumanne. Atakutazama kwa jicho moja, lile jingine limebana kioo cha kukuzia, mpaka uone haya mwenyewe. Meza yake ilikuwa ile ile ya marehemu baba yake, pale dirishani, na droo ya kushoto iligoma kufunguka tangu enzi za mzee. Ugonjwa wake ulikuwa usafi. Hata bisibisi aliifuta kabla ya kuitumia, akaifuta tena baadaye.

Asubuhi moja akaja mkunga mstaafu. Akafungua leso, ikatoka saa ya mfukoni ya dhahabu, ya kale hasa, ambayo Polepole katika maisha yake alikuwa ameiona moja tu ya aina yake. Mkunga akaeleza kwamba ilikuwa ya baba yake, na imelala kabatini tangu mzee afariki, mwaka wa arobaini huu. Sasa mtoto wa baba yake mkubwa amezuka na lake: eti saa ni ya baba yake yeye, iliwekwa kwao amana tu. Kesho ukoo unakaa kuamua.

"Baba alisema mafundi huandika jina la mwenye saa ndani ya kifuniko," akasema. "Nisomee tu, fundi. Likiwa la baba mkubwa, nitaitoa kwa mikono miwili."

Ni kweli. Zamani kila fundi aliyefungua saa ya maana alichora humo kwa sindano mwaka, jina la mwenye saa na kazi yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Polepole akafungua kifuniko. Kilikuwa kinang'aa, hakina hata mchoro mmoja.

Mng'aro ule aliujua. Mwaka wake wa kwanza kazini, saa hii hii ilipoletwa, alikuta humo mikwaruzo tele, akadhani ni uchafu wa miaka, akausugua mpaka mkono ukafa ganzi, kisha akampelekea baba yake akitegemea sifa. Mzee alitazama, akageukia dirishani, na siku mbili nzima hakutia neno. Maana ya mikwaruzo ile Polepole aliijua baadaye sana, kwa fundi mwingine. Baba yake hakuligusia kamwe, naye akaishi akiamini mzee alikwenda na kinyongo chake kaburini.

Angeweza kusema hakukuandikwa kitu. Nani angejua? Lakini mama wa watu alikuwa ameketi, mikono mapajani, anasubiri kwa adabu zake. Polepole akapiga moyo konde.

"Mama, majina yalikuwemo. Mimi ndiye niliyeyafuta."

Mkunga hakugomba. Aliuliza kama ni yote, akaambiwa yote. Basi, akasema, ataitoa tu, maana hana la kushikilia. Polepole akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akaomba walau aisafishe, bure. Akang'oa mishale, akalegeza skrubu, akainua uso wa saa, mahali ambapo mwenye saa hafiki maisha yake yote. Kwenye shaba iliyo chini yake kulikuwa na maandishi. Mwandiko ulikuwa wa baba yake, ule wa herufi zinazoegemea nyuma; mzee aliihudumia saa hiyo miaka mingi, na majina yake aliyajua kwa kichwa.

Akasoma kwa sauti, jina kwa jina, mwaka kwa mwaka: mpima ardhi, mjane wake, mwenye duka la vitambaa, kisha baba yake mkunga, mara tatu. La baba mkubwa halikuwepo. Mkunga akashika leso machoni, akashusha pumzi ndefu.

Halafu akaona fundi bado ameiinamia shaba, kioo jichoni. Akauliza kama kuna mstari mwingine. Polepole akamsogezea saa na kioo, maana yeye hakuweza tena kuona.

Mkunga akainama, akasoma: "Mwanangu aliyafuta kwa kupenda usafi. Asilaumiwe."