Saa ya Plastiki Kwenye Pipa la Mushaki

Mukabaranga alikuwa mwanamke wa dharau, na hakuona sababu ya kuificha. Aliwadharau wanaume wanaovaa saa ya dhahabu ili watu wawaulize saa, kisha wakiulizwa wanatazama jua. Aliwadharau wenye saa zile za viduara vitatu usoni, viduara vilivyochorwa kwa wino, ambavyo vijishale vyake havijasogea tangu vitoke kiwandani. "Ile haiko saa," alikuwa akisema, "ile njo bangili ya namba." Na akisema hivyo alikuwa akimtazama mtu fulani, wala hakujali kama fulani huyo amesikia.

Alikuwa na haki ya kusema, maana saa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila asubuhi, katika kibanda cha mabati kando ya barabara ya Sake kwenda Masisi, hapo Mushaki, alipokea maziwa ya nyumba arobaini. Watu walishuka vilimani na bidoni zao, madumu ya plastiki, yeye akayachuja maziwa kwa kitambaa cheupe na kuyamimina ndani ya pipa moja kubwa, lililosimama katika birika la maji baridi ya chemchemi. Saa mbili kamili gari la mnunuzi lilipita kuteremka Goma. Kwa hiyo pipa lilifungwa saa moja na nusu, ili hata maziwa ya mwisho yapate nusu saa ya kupoa. Yakiingia baada ya hapo yanasafiri na joto lake, na bidoni moja tu inatosha kuchachisha pipa zima. Mnunuzi alikwisha kusema wazi: pipa lililochacha likimfikia mara mbili, gari lake halitapanda tena Mushaki. Nyumba zote arobaini zingebaki na maziwa yao zikiwanywesha mbwa.

Mtu wa mbali atauliza, kuna shida gani hapo? Saa moja na nusu ikifika, si unafunga? Huyo hawajui wafugaji wa vilima vile. Kwao kumrudisha mtu na maziwa yake ni tusi. Unaweza kumnyima mtu binti yako na akaendelea kukusalimia. Ukimkatalia maziwa, anahesabu kwamba umemkatalia yeye na babu zake wote. Ndiyo maana Mukabaranga alihitaji saa ambayo hakuna mdomo ungebishana nayo. Simu hazikumfaa. Simu mbili zilikwisha kuzama ndani ya pipa, na ya pili ilizama huku inaita.

Mdomo uliobisha kuliko yote ulikuwa wa Papa Léonard, prezida wa komite ya maziwa. Ng'ombe wa Léonard hawakukamuliwa mpaka mwenyewe anywe chai, naye hakunywa chai mpaka amalize usingizi. Bidoni zake zilifika saa moja na dakika arobaini, zimebebwa na mchungaji anayehema, na mwenye mali nyuma, mikono mitupu, anatembea kama askofu. Akifika mlangoni ananyoosha mkono, mkono wa koti unapanda wenyewe, na dhahabu inatoka, huku akimwita Mukabaranga kwa jina la mtoto wake.

"Mama Umwali, saa yako inakimbia. Angalia hapa. Iko saa moja na dakika makumi mbili tu."

Saa aliyokuwa nayo Mukabaranga wakati ule ilikuwa ya marehemu baba yake, imefungwa kwa uzi mkononi, na mwezi wa Desemba ikafa kabisa. Siku ya Mwaka Mpya, mbele ya watu wote, Léonard akamtolea zawadi ya komite: saa ya dhahabu, pacha wa ile yake. Alimfunga mwenyewe. Akaitega majira mwenyewe, akiangalia ya mkono wake. Watu wakapiga makofi, mbumbumbu wale, wakidhani wameona ukarimu. Mukabaranga akasema asante, kwa sababu zawadi ya mbele ya watu hairudishwi, lakini moyoni alijiona ng'ombe aliyevishwa kengele.

Dhahabu ile ilidumu wiki mbili. Ilianza kubanduka pembeni, chini yake likatokea bati la kijivu, na kifundo cha mkono wake kikageuka kijani. Wiki ya tatu kioo kikatoa jasho kwa ndani. Mshale wa sekunde ulikuwa unajikokota, unasimama, unaruka. Kila siku saa ilibaki nyuma kidogo zaidi, na kila siku bidoni za Léonard ziliingia pipani zikiwa bado vuguvugu, na Mukabaranga akitazama mkono wake anaona saa moja na nusu bado. Mwishoni mwa mwezi pipa likarudi kutoka Goma limejaa mabonge.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na ya pili ndiyo ingekuwa ya mwisho. Komite ikakaa. Léonard akasafisha koo na kusema kwamba labda kitambaa cha kuchujia hakikufuliwa vizuri. Kitambaa! Mukabaranga alikifua kitambaa kile kuliko gauni lake la kanisani. Lakini ushahidi wake wote ulikuwa saa inayosema vilevile anavyosema Léonard.

Siku ya soko alikwenda kwa Manassé, muuza vitu vidogovidogo aliyetandaza ubao wake kando ya barabara: betri, vitana, miwani, na saa zaidi ya thelathini. Manassé, bila kuulizwa, akashika ya dhahabu na kuisifia kwamba haipitishi maji.

"Mayi haiingiaka umu, mama. Angalia, banaandika ku mugongo."

"Ku mugongo ya kamio nako banaandikaka 'Hakuna Kulala,'" alijibu Mukabaranga, akiyafikiria malori yanayokwama matopeni. "Na kila siku iko inalala mu potopoto."

Akaanza kuzigeuza moja moja. Zile ambazo mgongo wake hufungwa kwa kubonyeza kidole gumba alizitenga upande. Kilichofungwa kwa kidole, maji nayo yatakifungua. Mikanda ya ngozi aliikwangua kwa ukucha, na chini ya ngozi ikatokea karatasi ngumu. Alicheka kwa pua. Zenye kifundo kirefu cha kutegea majira ubavuni hakuzishika hata, kwa sababu shingo ya bidoni ingekinyofoa siku ya kwanza. Nyingine ilikuwa na kioo kilichotuna kuliko kingo zake, nyingine nzito bure, na moja ilikuwa na vijiwe vinavyometa kuizunguka, na hiyo aliishika kwa ncha za vidole viwili, akairudisha ubaoni.

"Unatafuta nini sasa, mama?" Manassé aliuliza, uvumilivu umemwishia.

Alichotafuta kilikuwa pembeni kabisa, kwenye fungu la saa za watoto. Ilikuwa nyeusi, ya plastiki, ya kuonyesha namba, sura haina hata kidogo. Lakini mgongo wake ulishikwa na parafujo nne. Kioo chake kilikaa chini ya kingo, hivi kwamba ukiigonga kwenye pipa ni kingo zinazokula pigo. Vibonyezo vilikuwa vifupi, mkanda wa mpira, na kipini cha mkanda kilikuwa cha chuma kinene ambacho fundi yeyote angeweza kukibadilisha kwa kipande cha waya. Akibonyeza, inawaka taa, na yeye alitoka nyumbani kila siku kabla hakujapambazuka.

"Ile ya batoto ba masomo?" Manassé akacheka. "Wewe bibi ya muntu muzima?"

"Leta beseni ya mayi."

Watu walikwisha kukusanyika, kwa hiyo Manassé hakuweza kukataa bila kuaibika. Wakapatana: saa ikifa, Mukabaranga ataondoka na maiti yake na kulipa yote, ikipona, atalipa bei ya mtoto wa masomo, si bei ya mama. Akaitumbukiza. Akanunua hindi la kuchoma, akakaa juu ya jiwe na kulila taratibu, punje kwa punje, mpaka likabaki gunzi. Kisha akaitoa saa majini na kuiangusha juu ya jiwe lilelile mara tatu. Manassé alifumba macho. Sekunde zilikuwa zinakwenda.

"Hii njo saa," alisema Mukabaranga.

Hakuitega pale. Alikwenda nayo kwenye duka lenye redio, akawaita wanawake wanne wanaoleta maziwa kibandani, wakasimama wote kusubiri saa ya habari. Redio ilipotangaza saa, alibonyeza mbele ya macho manane. Mtu anayedharau watu kiasi kile anajua pia kwamba ushahidi wa mtu mmoja hauna uzito mbele ya komite.

Kesho yake wenye maziwa walikuja mapema wote, si kwa bidii, bali kuja kucheka. Léonard naye alikuja mapema, mara ya kwanza tangu achaguliwe.

"Miye minakupa dhahabu, we unavaa kandambili ku mukono!"

"Hii ilisikia saa ku redio, Papa Prezida, mbele ya batu. Ile yako ilisikia wapi?"

Waliocheka safari hii hawakumcheka yeye. Lakini kicheko si sheria, na Léonard hakuwa mtu wa kujifunza kwa siku moja. Alikuwa akisubiri nafasi, na nafasi ikamfikia siku ya nne, siku ya mvua.

Mvua ilinyesha usiku kucha, na njia za vilimani zikawa utelezi mtupu. Hata hivyo saa moja na nusu ilipogonga, bidoni zote zilikuwa zimefika isipokuwa za nyumba mbili. Mukabaranga aliweka kifuniko juu ya pipa. Alikuwa anakaza kamba yake alipoona mtu anashuka mbiombio, goti linavuja damu, bidoni ameikumbatia kifuani. Alikuwa Valens, mumewe. Valens alikuwa mwanamume pekee ambaye Mukabaranga hakumdharau, mpole, mchapakazi, asiyemiliki saa ya aina yoyote. Alikuwa ameanguka matopeni na hakumwaga hata tone. Na hatua kumi nyuma yake alikuja Léonard na mchungaji wake, Léonard anatabasamu, kwa sababu alikwisha kuona. Maziwa ya Valens yakiingia, yake yataingia. Yataingia leo, na kesho, na kila siku mpaka gari liache kupanda.

Mukabaranga akaangalia mkono wake. Dakika thelathini na nne.

"Mama Umwali," alisema Valens kwa sauti ya chini, akinyoosha bidoni. "Iko miye."

Aliona damu ya goti. Aliona watu wote ndani ya kibanda wanamtazama mkono. Ilimuuma, ilimuuma sana, na ile dharau yake iliyompa jibu la kila mtu siku zote haikumpa jibu lolote la kumwambia mtu huyu.

"Saa imepita, Papa Umwali," alisema. "Rudia nayo."

Valens alibaki amenyoosha mikono muda mrefu. Kisha akaivuta bidoni kifuani, akageuka, akaanza kupanda kilima bila kumtazama mtu.

Léonard akapasua kicheko. "Bibi anafukuza bwana yake!" Alicheka peke yake. Akatazama huku, akatazama kule, na hakuna uso uliomsaidia. Mchungaji wake alikuwa tayari ametua bidoni chini mlangoni, na hakuna mkono uliokwenda kuzipokea. Léonard akafungua mdomo, akanyoosha mkono kama kawaida yake. Kisha akaushusha, akavuta mkono wa koti mpaka ukafunika vidole.

"Beba," alimwambia mchungaji. "Turudi."

Gari lilipita saa mbili, likaondoka na pipa.

Nyumbani, maziwa yale walipewa ndama. Valens hakula chakula cha jioni, na Mukabaranga alikaa ng'ambo ya moto akisugua kiganja kwa kiganja. Alitamani mumewe amtukane. Lakini Valens alinyanyuka, akajifunika blanketi, akaugeukia ukuta.

"Kesho uniamushe saa kumi," alisema.