Nyumba ya Mpakani

Watu wakiniuliza kwa nini tulihama Beni nawajibu ni vita, nao wanaridhika, maana hakuna mtu huku ambaye hana jibu kama hilo nyumbani kwake. Swali la pili hawaniulizi: kwa nini tulikuja kukaa hapa juu, kwenye mgongo wa kilima, mahali ambapo hata mbuzi hawapandi kwa hiari. Hilo ndilo ninalotaka kulijibu, na nitalijibu kwa hasira kwa sababu mpaka leo sijapata namna nyingine.

Tulikuwa tunakaa Bungulu, mtaa mmoja wa Beni, katika nyumba ya kupanga yenye ua mdogo na mpapai mmoja, na barazani palikuwa na mashine yangu ya kushona. Mume wangu alikuwa na shamba la kakao nje ya mji, alilokuwa akililima tangu kabla hajanioa. Kisha watu wakaanza kuuawa huko mashambani, na kakao ikaiva juu ya miti na kuoza bila mtu wa kuichuma. Mume wangu akageuka mtu wa kukaa tu. Alikaa asubuhi, akakaa mchana, na risasi zikisikika alisimama mlangoni kuuliza watoto wako wapi, hata kama watoto walikuwa miguuni pake. Tulikuwa na watatu. Wa mwisho, msichana, alikuwa bado ananyonya, na alizaliwa na kifua kibovu. Muuguzi alinionya mapema kwamba baridi na moshi ndivyo vitakavyonisumbua kwa mtoto huyu. Beni ni mahali pa joto, kwa hiyo sikuona shida kumtii.

Tulipokubaliana kuhama, tulianza kuchagua mahali kama wanawake wanavyochagua kitambaa, unashika hiki, unaachia kile. Butembo mjini mume wangu hakuitaka. Alisema amechoka kukaa kitini, anataka kushika jembe. Mimi nilitaja Kayna, upande wa kusini, kwa shangazi yangu, kwenye barabara kubwa, ambako mtu mwenye cherehani hakosi kazi. Lakini vita vya kusini viliitangulia safari yetu, na shangazi mwenyewe akapanda hadi Butembo akiwa na godoro lake kichwani. Ikabaki Musienene, kwa baba mkwe.

Musienene sikuikataa. Kuna viazi, kuna maharagwe, na siku ya soko watu wanateremka kutoka vilima vyote. Niliona sare za shule, niliona nguo za kwaya, niliona wateja. Kulikuwa pia na kituo cha afya karibu na barabara. Baridi ilikuwepo, ndiyo, lakini baridi ya bondeni si sawa na baridi ya juu, na shamba la baba mkwe lilianzia bondeni kwenye chemchemi hadi juu kabisa ambako ukungu hauondoki mpaka saa za kwenda sokoni. Nikajiambia kwamba katika udongo mkubwa hivyo, mtu hakosi pa kulaza mtoto.

Tulikwenda kuona, mume wangu na mimi na mtoto mgongoni. Baba mkwe ni mtu wa kanisa, mzee wa shirika, ile jumuiya ndogo ya waumini, anayeongea polepole na kumpa kila mtu kiti. Alinipokea vizuri mno. Aliniambia kwamba kwao si mwanaume anayechagua mahali pa nyumba, ni mwanamke, kwa kuonyesha mahali pa jiko lake, na nyumba inalifuata jiko.

“Mama, weye njo utapika,” alisema. “Onesha fasi yenye roho yako inapenda. Sisi tutajenga.”

Sijawahi kuambiwa neno zuri kama hilo na mtu wa ukweni kwangu. Nilizunguka shamba lile bila haraka, nikajifanya nina mashaka, lakini mahali pangu nilipaona mapema. Palikuwa chini, hatua chache juu ya chemchemi, nyuma ya mikalitusi inayokinga upepo, na ukisimama pale unasikia pikipiki zikipita barabarani. Nikatafuta mawe matatu, nikayaweka kama mafiga. Baba mkwe akayatazama, akafanya ishara ya msalaba, akasema ni vema. Nilirudi Bungulu nikiwasimulia majirani kwamba wakwe zangu ni watu wa pekee, na wale waliokuwa wanateseka kwa wakwe zao walinisikiliza kwa wivu. Nilijivuna kweli.

Baadaye kidogo mume wangu aliitwa peke yake. Wanaume wa ukoo wao wana kyaghanda, kile kibanda chenye moto katikati wanamokaa kuzungumza mambo ya familia, na mwanamke akifika pale ni kwa kuleta chakula. Alirudi akiwa mpole, na upole wa mume wangu naujua, huja pamoja na habari mbaya. Alisema wazee wameona nyumba ijengwe juu. Juu kuna hewa. Juu mtu anaona mbali.

Nilimuuliza, maji yako chini bondeni, mtu anayetaka kuona mbali atakunywa macho yake? Nilimuuliza kama aliwakumbusha kifua cha mtoto. Alisema aliwakumbusha, wakasema mtoto wa mlimani huzoea. Nikauliza kuhusu mafiga yangu, akajibu kwamba wazee wameshaamua, na kwamba mimi ningepaswa kushukuru badala ya kuuliza, kwa sababu baba zake wadogo walikuwa tayari wameanza kukata miti.

Hapo ndipo nilipodanganyika kama mtoto. Watu wa ukoo ule nawafahamu. Paa la jiko la mama mkwe lilivuja mvua hadi mvua, wanaume wale wakalitazama hivyo hivyo mpaka mama wa watu akafariki akipikia chini ya mwavuli. Lakini nyumba yetu waliijenga mbiombio. Miti ikasimama, udongo ukakandikwa, mabati yakapanda kabla hata sijamaliza kuaga wateja wangu. Hasira yangu ikalainika. Nikasema moyoni, labda mahali si pazuri, lakini watu hawa kumbe wanatupenda. Niliona haraka yao nikaiita upendo.

Siku tuliyohamia, nilipita kwanza pale chini. Mafiga yangu hayakuwepo. Niliyakuta huku juu, nyuma ya nyumba, yamepangwa vizuri mahali ambapo mtu mwingine aliona jiko linafaa. Walikuwa wameyabeba kilima kizima. Nilicheka, kwa sababu watoto walikuwa wananitazama.

Maisha ya huku juu sitayaremba. Upepo unaingia chini ya mabati na kuyapigapiga mchana kutwa. Maji yako bondeni, na ukishayapandisha na kuoga unajisikia kama umejiibia nguvu zako mwenyewe. Moto tunauwasha ndani kwa sababu nje haukai, kwa hiyo moshi tunao, baridi tunayo, vyote viwili ambavyo muuguzi wa Bungulu alinitajia. Mtoto alianza kukohoa mapema, na hakuacha. Kila akizidiwa nilimfunga mgongoni na kuteremka naye hadi kituo cha afya, nikipita karibu na ile mikalitusi yangu, na kila nilipopita pale nilitukana kimya kimya. Cherehani nayo ilikaa chini ya shuka. Nani apande kilima chote hiki kuja kupunguziwa sketi?

Jirani yetu wa upande wa pili alikuwa mwanaume wa makamo, mwenye viazi vizuri kuliko vyetu. Siku za kwanza alipita mbele ya mlango akatusalimu, lakini macho yake hayakuwa kwetu. Yalikuwa kwenye kuta. Alizitazama kuanzia pembe hii hadi ile, kama mtu anayepima. Nilifikiri ni mshamba asiye na adabu. Kati ya shamba lake na letu palikuwa na mstari wa ile mimea yenye majani marefu ambayo watu huku huipanda kuonyesha mpaka, lakini mstari wenyewe ulikuwa na mapengo, na penye mapengo udongo ulikuwa umechimbuliwa. Sikuuliza. Mtu aliyetoka Beni akiona shimo haulizi lilichimbwa kwa nini.

Jibu lilikuja lenyewe, asubuhi moja ya ukungu, likiwa limevaa kofia. Chefu wa kijiji alipanda na wazee wake, baba mkwe akiwa upande mmoja, jirani upande mwingine, na nyuma yao nusu ya watu wa kilima. Nilikuwa natoka na mtoto, nikasimama kando ili wapite. Hawakupita. Walikuwa wanakuja kwangu.

Jirani aliongea kwanza. Alisema udongo huu wa juu ni wa babu yake, na mimea ile ilipandwa kwa hila. Baba mkwe akasema mimea ni ya baba yake, na kwamba kila anapoipanda inang'olewa. Waliendelea hivyo mpaka chefu akachoka. Akauliza swali moja tu: tangu ugomvi uanze, nani analala hapa?

Baba mkwe akanyoosha mkono. Hakuelekeza kwenye mimea, hakuelekeza hata kwenye nyumba. Alielekeza kwenye kamba yangu ya nguo, ambako vitambaa vya mtoto vilikuwa vinapigwa na upepo.

“Chefu, angalia zile bilamba,” alisema. “Mwana yangu njo analala hapa. Na bibi yake, na batoto. Mutu atalalisha batoto mu shamba ya wengine?”

Watu wakaguna kukubali. Chefu akanitazama, akaniuliza kama ni mimi mwenye nguo zile. Nikasema ndiyo. Akauliza kama huyo mgongoni ni wa hapa hapa. Nikasema ndiyo, na wakati ule ule mtoto akakohoa, na watu wakaguna tena. Hivyo ndivyo nilivyotoa ushahidi katika kesi ambayo sikujua kwamba ipo. Baba mkwe alishinda kabla ukungu haujaondoka. Jirani alishuka kwake bila kunisalimu, na sikumlaumu.

Mume wangu alikuwa anajua. Nilimuuliza siku hiyo hiyo, naye hakukana. Alisema ugomvi ulianza zamani, na kwamba pale kyaghanda walimweleza wazi kwamba mtu asipokaa juu, kipande chote cha juu kitakwenda. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambia nisingekubali. Ni kweli, nisingekubali, na kwa hilo nilimchukia zaidi, kwamba alinijua vizuri hivyo na akaitumia ile elimu. Tulikaa muda mrefu tukizungumza mambo ya chumvi na kuni tu.

Nilipotulia niliona kwamba pengine kuna faida. Kesi imekwisha, mpaka umesemwa mbele ya watu, sasa nani ana haja na sisi huku juu? Nikangoja Dominika. Baba mkwe alipanda baada ya misa akiwa na kanzu yake ya kanisa na jogoo mkononi, zawadi kwa ajili yetu. Nilimpa kiti, nikampa chai. Mume wangu alikuwa viazini. Mzee alinishukuru, akasema nimewachungia udongo wao, na kwamba ukoo hautasahau. Nikamwambia sitaki kukumbukwa, nataka kushuka. Nikamwonyesha kwa kidole mikalitusi ile chini. Nikamweleza kifua cha mtoto, kwa utaratibu, kama mtu anavyomwelezea daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yake ile ile.

“Hapana, mama,” alisema. “Mukitoka hapa, ule mutu atarudia. Mutakaa.”

Sijui ni kitu gani kilinifungua mdomo. Huku mwanamke haongei hivyo na baba wa mume wake, na mimi sikulelewa vibaya.

“Papa,” nilisema, “kama ulitafuta kitu ya kuonesha mupaka, kwa nini haukupanda muti? Miti iko mingi. Kwa nini ulipanda batoto yangu?”

Nilingoja akasirike. Nilitaka akasirike, ili na mimi nipate kulia. Lakini aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kawaida la shamba, la mbegu au la mbolea, na akanijibu bila aibu yoyote.

“Muti, ule mutu atang'oa. Alishang'oa mara mingi. Batoto, nani ataweza kung'oa batoto?”

Ndani ya nyumba mtoto akaanza kukohoa. Alikohoa kikohozi kile kirefu, kinachoanzia tumboni. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, na naamini huruma yenyewe ilikuwa ya kweli. Kisha akamaliza chai yake, akasimama, akaizunguka nyumba mara moja akiitazama, na aliporudi mlangoni aliniambia kwamba kabla ya mvua atawatuma wadogo zake waje kutuongezea chumba kingine, upande ule wa jirani.